Radhi Iliyokuja kwa Ndege

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kupimwa presha, na mzee aliyekaa karibu nami akatoa peremende mfukoni, akaifungua karatasi yake polepole, akaitia mdomoni. Ile harufu iliponifikia nikageuka nikamtazama vibaya, maskini, na hakuwa amenikosea kitu. Akadhani namlaumu kwa uchoyo, akaninyooshea moja. Nikakataa. Mimi peremende naziangalia kwa shaka tangu utotoni, na wenzangu wa rika langu wakinicheka huwaambia: nyinyi hamkuwahi kuletewa peremende iliyotoka angani.

Tulikaa Nakuru, mtaa wa Bondeni, vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Baba alikuwa mchinjaji sokoni. Alishikwa na homa ya mapafu siku za mvua, akafa kabla mvua haijaisha, na Mama akaingia eda. Nyinyi mnaoijua mnajua: miezi minne na siku zake mjane hatoki nje ya nyumba, havai cha rangi, hajipaki hata mafuta ya kunukia, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote awezaye kumwoa, haonani naye. Kwenye mlango wa chumba chetu likatundikwa pazia la kaniki. Mama akawa nyuma yake, na dunia yote ikawa upande huu.

Mtu aliyetulisha siku hizo ni Baba Mdogo Rajabu, ndugu wa Baba kwa tumbo moja. Alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kihindi, akibeba viazi kutoka huko Molo na Kuresoi kuleta mjini. Kila akirudi alishusha kagunia mlangoni kwetu, akakaa kwenye kibao nje ya pazia na kusema, "Shemeji, hamjambo humo ndani?" Mama akajibu kutoka gizani. Baba Mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi na wallahi nyingi. Wallahi viazi vya safari hii ni kama vichwa vya watoto. Wallahi nimeona chui msitu wa Mau amesimama kama askari. Mtaa mzima ulimpenda na mtaa mzima haukumwamini. Baba, akiwa hai, alikuwa akisema, "Rajabu akikuambia kumekucha, chungulia dirishani kwanza."

Sasa lazima niwaambie habari ya Mama. Yeye ni mtu wa Mombasa, wa nyumba yenye jina lake. Baba alipokuwa kijana alikwenda huko kufanya kazi, akamwona, akamtaka, na babu yangu akakataa katakata: binti yake hataolewa na mtu wa bara mwenye damu ya ng'ombe kwenye kucha. Alikuwa amekwisha kumwekea mchumba, mtoto wa nduguye. Mama akaozwa na kadhi, mjomba wake akiwa shahidi, akapanda treni na mumewe kuja Nakuru. Babu akamwambia neno moja tu mlangoni: "Radhi yangu huna." Na hakuwahi kumwandikia, wala kumpokea, wala kuniona mimi.

Mtu asiyelelewa hivyo hawezi kujua uzito wa neno hilo. Mama yangu alikuwa mcheshi, alipika vizuri, aliimba akifua. Lakini mtoto akiugua, "ni radhi ya Baba." Mimba ikitoka, "ni radhi ya Baba." Mume wake alipokufa kijana vile, hakusema kitu, na sisi sote tulijua anasema nini moyoni.

Basi siku moja jioni Baba Mdogo alikuja mbio bila lori wala gunia. Simu ilikuwa imepigwa dukani kwa tajiri wake kutoka Mombasa. Aliyepiga ni Mama Mkubwa Zena, dada yake Mama. Babu yuko mahututi, haonekani kama atamaliza kesho.

 Kisha Mama akasema, "Na mimi nimefungwa hapa."

Hata angekuwa hakufungwa, angefika lini? Treni ya kuteremka kutoka Nakuru inakula mchana wako kufika Nairobi, halafu nyingine inakula usiku wako kufika Mombasa. Na wenyewe mnajua wafu wa Kiislamu hawangoji mtu. Akikata roho asubuhi, alasiri keshafunikwa udongo.

"Kuna ndege," Baba Mdogo akasema. "Shemeji yake tajiri alikuwa aende nayo kesho kutoka Nairobi, amepata homa. Kiti kiko. Tajiri amenipa. Gari lake linateremka Nairobi baada ya swala ya alfajiri. Shemeji, nitakwenda mimi. Nitakuombea radhi itoke mdomoni mwake kabla hajaondoka. Wallahi nitafika."

Nakumbuka Mama alivyotoa mkono mmoja chini ya pazia, kiganja juu, akauacha hapo sakafuni. Hakuwa anaomba kitu. Baba Mdogo aliutazama, akainuka, akaenda zake.

Mimi sikulala vizuri, lakini si kwa ajili ya Babu nisiyemjua. Mama Zubeda, jirani yetu, siku ya matanga aliniambia, "Baba yako amekwenda juu." Na ndege nilikuwa naziona zikipita juu ya ziwa, kule juu hasa. Nikapiga hesabu zangu za kitoto, nikaona mambo yamenyooka: Baba Mdogo atapita alipo Baba. Nikamngojea nikiwa na hakika kabisa.

Alirudi kesho yake baada ya kuondoka, jua halijatua. Nasema kesho yake! Alfajiri ya jana alikuwa Nakuru, na leo alasiri yuko Nakuru, vumbi limemjaa nyusi, akisema amefika Mombasa na kurudi. Watu walikusanyika uani kama kuna ngoma.

"Shemeji," akaliambia pazia, "Mungu amemchukua mzee. Lakini nimemkuta hai. Nimemshika mkono. Amesema yuko radhi nawe. Amewawia radhi nyote wawili, wewe na marehemu ndugu yangu. Nimebeba jeneza lake kwa bega hili."

Mama hakulia. Aliuliza, "Umefika saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri. Ndege, Shemeji, ndege si mchezo! Mtu anakaa, anafungwa mkanda, anasinzia kidogo, mlango unafunguliwa joto linakupiga usoni, uko Mombasa. Nikarudi na treni ya jioni, nikapata lori Nairobi."

Akanipa mimi peremende. Alisema abiria hupewa ndani ya ndege wanyonye ili masikio yasizibe. Mama Zubeda akaichukua mkononi mwangu kabla sijaimeza, akainusa, akaigeuza. "Hizi si zile zinauzwa kwa tajiri yake?" Watu wakacheka chini kwa chini.

Hapo ndipo shaka ilipoingia nyumbani kwetu, na ikiingia haigongi hodi. Tena zilikuwa siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, watu wakisimamishwa barabarani na kuulizwa wametoka wapi, jirani akichunguza taa ya jirani. Kila mtu alikuwa hakimu. Mzee Hamisi, aliyekuwa fayamani wa treni, alikuja akasimama katikati ya ua akiwa na mikono nyuma. "Mimi nimelisha moto hiyo njia miaka," akasema. "Mombasa ni mbali, nyinyi. Unapita nyika mpaka unasahau jina lako. Mtu aende, aongee na mgonjwa, azike, arudi, na kanzu bado imekunjwa vizuri? Huyu alilala Nairobi kwa rafiki zake, akasikia simu ya msiba, akaja kutuuzia hadithi."

Jioni ileile ya kurudi kwake simu nyingine ilifika dukani, na karani wa duka alisikia maneno mawili tu kabla laini haijakatika: amekufa, amezikwa. Saa ya kufa haikusemwa. Kwa nini Mama hakumwandikia dada yake amuulize? Nilikuja kumuuliza nilipokuwa mkubwa. "Na kama jibu lingekuwa hapana?" akaniambia.

Badala yake akamhoji Baba Mdogo. Jamani, alimhoji! Siku baada ya siku, yeye ndani, shemeji yake juu ya kibao, mimi kizingitini katikati yao. Ukiingia kwetu, ngazi ziko mkono gani? Kulia. Chumba cha mzee kina dirisha la wapi? La uani, limefungwa kwa sababu ya upepo. Alivaa nini? Shuka tu, alikuwa anawaka homa. Sauti yake ilikuwaje? Ndogo, mpaka nikainama nimsikie. Yote alijibu, na kila alipojibu Mama alizidi kushuku, kwa sababu Baba aliwahi kufika nyumba ile na angeweza kumhadithia nduguye.

"Amesema maneno gani? Hasa. Neno kwa neno."

"Amesema, mwambie Saida nimemwia radhi, Mungu amlinde yeye na mtoto wake."

"Na mume wangu?"

Baba Mdogo akakohoa. "Na yeye pia."

"Kwa maneno gani?"

"Maneno ya mgonjwa, Shemeji. Si mengi."

Mimi nilikuwa nimevumilia sana. Wanazungumza Babu, Babu, na mtu ninayemtaka mimi hatajwi. Nikamvuta mkono wa kanzu nikamuuliza, "Na Baba yangu? Huko juu ulimwona? Alisema nini?"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alikuwa anatabasamu, tabasamu likamwanguka. Akafumbua mdomo bila neno kutoka, yeye Rajabu ambaye hata usingizini alikuwa anaongea. Akaniangalia, akaliangalia pazia, akasema viazi vinamngoja, akatoka. Nikajua amemwona Baba na ananificha. Na Mama, aliyesikia kile kimya kutoka ndani, akajua yake.

Safari iliyofuata alipokuja, alikuta mbele ya pazia kumewekwa kigoda, na juu ya kigoda Msahafu umefungwa kitambaa cha kijani.

"Shika, Shemeji," Mama akasema. "Uape. Kwamba ulimkuta hai na kwamba alisema uliyoniambia, yote. Ukiapa, sitakuuliza tena mpaka kufa kwangu."

Mama Zubeda alikuwa hapo, akaguna. Kumwapisha mtu mzima kwa Msahafu, tena shemeji yako anayekulisha, si jambo dogo. Baba Mdogo alitazama kile kitambaa muda mrefu. Mtu aliyemwaga wallahi kama maji ya kuoshea vyombo!

"Siapi," akasema.

"Sema tu ulimkuta hai."

"Umesema yote, Shemeji. Yote siapi."

"Basi gunia lako lirudishe," Mama akasema. "Mimi na mwanangu hatuli chakula cha muongo."

Alilibeba, na baada ya wiki chache tukasikia amehamia Molo na mkewe, kwenye duka jingine la tajiri yake. Hakupita tena Bondeni. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote za kitoto, kwa kuwa aliondoka na habari za Baba. Na chakula kilipungua, nisiseme uongo. Mama alianza kusuka ukili wa mikeka kule ndani, Mama Zubeda akimpelekea sokoni kuuza, na tukala sukuma wiki na ugali mkavu mpaka nikazoea.

Eda ilipokwisha, Mama Mkubwa Zena alipanda treni akaja kumtoa nduguye, kama ilivyo desturi. Alimwogesha, akamsuka, akamtia hina na kumvika kanga mpya. Mimi nilikuwa nashangaa tu jinsi walivyofanana. Mama aliacha asukwe mpaka nywele zikaisha, ndipo akauliza, bila kugeuza kichwa, kana kwamba anauliza bei ya kitu.

"Baba alikata roho saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri kidogo," Mama Mkubwa akasema. "Tukamzika alasiri. Si Rajabu alikwambia? Alikuwa na sisi."

Mama akamshika dada yake mkono wenye kitana.

"Alimkuta hai?"

"Saida, alimkuta hai, alimshika mkono. Mtoto wa watu aliingia jasho linamtiririka, hata maji hakunywa. Baba akafumbua macho akauliza nani huyu, akaambiwa ni nduguye mume wa Saida, mume mwenyewe amekufa. Rajabu akapiga magoti akakuombea. Baba akasema amekuwia radhi, Mungu akulinde wewe na mtoto wako. Mimi nilisikia kwa masikio yangu."

Nilidhani Mama atacheka au atalia. Alikuwa bado ameshika ule mkono. "Na mume wangu?"

Mama Mkubwa akainamisha macho. Alitaka kunyamaza, lakini Mama hakumwachia.

"Rajabu alimwuliza. Alisema, na marehemu ndugu yangu je, Babu, naye msamehe, keshatangulia. Na Baba akasema..." Akanitazama mimi, akapunguza sauti. "Akasema, aliyenichukulia mwanangu sina msamaha naye, duniani wala akhera. Alimwambia usoni, Saida. Sisi tuliona haya. Na yule kijana akambusu mkono, akasema, haya Babu, nitafikisha. Kisha akakaa, na Baba alipokufa akajitia chini ya jeneza pamoja na wanaume wetu mpaka makaburini."

Hapo ndipo hata mimi, na akili yangu ya kitoto, nilipoelewa kwamba Baba Mdogo hakukutana na Baba njiani. Alikuwa amesikia akinyimwa msamaha, mimi nikamvuta kanzu na kumwuliza Baba alisema nini.

Mtaa mzima ulijua Mama akitoka eda atateremka Mombasa na dada yake kuzuru kaburi. Mzee Hamisi alikuwa amekwisha tuelekeza behewa la kukaa. Asubuhi Mama akajifunga buibui, tukaenda stesheni sote watatu, na dirishani Mama akaomba tiketi za Molo.

Molo si mbali, lakini treni ile ilipanda kama bibi mwenye mzigo, ikipumzika kila mahali. Mara mbili askari walipita kuuliza makaratasi na kutukodolea macho, tunakwenda kwa nani, kwa nini. "Kwa shemeji yangu," Mama akasema. "Nina haja naye." Nje kulikuwa na ukungu na mashamba meupe ya maua ya pareto, na baridi ya kukata vidole. Mama Mkubwa, mtu wa pwani, alijifunika mpaka pua akisema hii si nchi ya kukaa Waislamu.

Tulimkuta nyuma ya duka, anapakia viazi kwenye lori, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alituona, akateremka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga yeye na Mama kuonana bila pazia, na kila mmoja aliangalia chini.

"Shemeji," Mama akasema, "niwie radhi. Nimekutukana, nimekurudishia chakula. Zena ameniambia."

"Amekuambia yote?"

"Yote."

Baba Mdogo akamtazama Mama Mkubwa, akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama akauliza. "Nimekushuku miezi. Nimekuwekea Msahafu mbele ya watu. Ungesema tu."

"Ningekuambia, Shemeji, ungeipokea?"

Mama alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hakuwa anatafuta jibu zuri.

"Nisingeipokea," akasema. "Radhi isiyo na mume wangu ndani yake ningeirudisha hukohuko ilikotoka."

"Basi," Baba Mdogo akasema. "Na ulikuwa unaihitaji. Ndugu yangu mwenyewe angetaka uipate. Mimi namjua." Akajifuta mikono kwenye suruali, lakini udongo haukutoka. "Na sasa je?"

 Mama akashika ubao wa lori, na sauti ikamtoka ambayo sikuwahi kuisikia, si siku Baba alipotolewa nyumbani, si siku zote za eda. Alilia kwa Baba na kwa Babu kwa pamoja. Mama Mkubwa alikuwa amebaki nyuma akihangaika na viatu vyake kwenye matope. Baba Mdogo akapiga hatua moja, akanyoosha mikono yake miwili yenye udongo, kisha akakumbuka kwamba yeye si maharimu wake na hawezi kumgusa, akairudisha kifuani. Akageuka akamwita mkewe kwa sauti kubwa, "Njoo! Njoo upesi, njoo umshike!"